Jimbo la Uchaguzi kati ya Hesabu na Masafa: Mfano wa Majimbo ya Kilosa na Mikumi, Tanzania

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi jimbo la uchaguzi linavyoundwa nchini Tanzania na jinsi uundaji huo unavyoathiri uwakilishi wa wananchi, kwa kutumia mfano wa majimbo mawili ya Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro: Jimbo la Kilosa na Jimbo la Mikumi. Mfumo wa Bunge la Shirikisho la Ujerumani unatumika kama kipimo cha ulinganisho, hasa kuhusu usawa wa idadi ya watu na majimbo ya mijini. Hoja kuu ni kwamba, kwa hesabu ya watu, majimbo haya hayana dosari kubwa. Yangekaribia kukidhi hata masharti ya sheria ya Ujerumani. Dosari ya uwakilishi ipo kwenye masafa, kwenye mipaka ya utawala, na kwenye makundi ambayo matatizo yao huvuka mstari wa jimbo. Makala inapendekeza kwamba kigezo cha mawasiliano na jiografia, ambacho tayari kimo katika Katiba, kipimwe na kutangazwa kwa takwimu kama kinavyopimwa kigezo cha idadi ya watu.

1.0 Utangulizi

Jina la jimbo la uchaguzi linaweza kumpotosha msomaji. Anayesikia "Jimbo la Mikumi" hufikiria mji ulio kando ya barabara kuu ya Morogoro hadi Iringa, wenye nyumba za wageni, maduka na vituo vya malori. Anayesikia "Jimbo la Kilosa" hufikiria mji wa reli ulio kando ya Mto Mkondoa. Kisheria na kijamii, majimbo haya si miji hiyo. Kila moja limebeba mji mdogo uliozungukwa na vijiji vya wakulima, malisho ya wafugaji, mashamba makubwa na safu za milima. Mji umetoa jina, lakini wapigakura wengi wako nje ya mji.

Jambo hilo lina uzito kwa sababu mjadala wa majimbo nchini Tanzania umekuwa ukiendeshwa zaidi kwa lugha ya idadi ya watu. Kila yanapofanyika mapitio ya majimbo, swali linaloulizwa na vyama, halmashauri na vyombo vya habari ni kama eneo fulani limefikia idadi inayotosha kugawanywa. Swali hilo ni halali, lakini halitoshi. Makala hii inaonyesha, kwa mfano wa wilaya moja, kwamba jimbo linaweza kuwa sawa kwa hesabu na bado likawa gumu kuwakilishwa.

Ufafanuzi mmoja wa istilahi unahitajika mapema. Neno "jimbo" limebadilika maana. Wakati wa utawala wa Waingereza lilitumika kwa eneo kubwa la utawala, kama Jimbo la Mashariki au Jimbo la Ziwa. Baada ya uhuru maeneo hayo yalipangwa upya na kuitwa mikoa. Kwa upande wa Ujerumani, Kiswahili hutumia neno hilohilo kwa nchi 16 zinazounda shirikisho. Katika makala hii, "jimbo" lina maana ya jimbo la uchaguzi wa mbunge, isipokuwa pale inapoelezwa vinginevyo.

2.0 Usuli: Nani Aliisemea Kilosa?

Swali la nani ana mamlaka ya kusema kwa niaba ya watu wa Kilosa halikuanza na vyama vingi. Novemba 1884, Carl Peters na wenzake walipita Usagara wakikusanya mikataba. Mojawapo ilitiwa saini Msowero, na mtawala aliyeitwa Mangungo. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ilitoa hati ya ulinzi iliyoegemea mikataba ya aina hiyo, na nchi ikahesabika kuwa imekabidhiwa. Msowero leo ni sehemu ya Jimbo la Kilosa. Mkataba huo hufundishwa shuleni kama kisa cha hila. Kwa taaluma ya uwakilishi una maana nyingine pia: alama ya mtu mmoja ilichukuliwa kuwa ridhaa ya watu wasioulizwa, juu ya ardhi ambayo mipaka yake haikuelezwa.

Wakati wa utawala wa Wajerumani, Kilosa ilikuwa na boma, na reli ya kati iliyofika Morogoro mwaka 1907 ilipitia Kilosa katika safari yake hadi Kigoma, ilikofika mwaka 1914. Bunge la Ujerumani mjini Berlin lilipitisha bajeti za koloni na kujadili mambo yake, lakini Mwafrika wa koloni hakuwa na kura wala mjumbe katika Bunge hilo. Kilosa ilitawaliwa na chombo kilichochaguliwa na watu wengine.

Waingereza waliunda Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1926, na kwa miongo mitatu wajumbe wake waliteuliwa. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika kwa awamu mbili, 1958 na 1959, kwa utaratibu wa kura tatu: mpigakura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Haki ya kura ilifungwa na masharti ya kipato, elimu au cheo. TANU ilikubali kushiriki chini ya masharti hayo katika mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, uamuzi unaokumbukwa kwa jina la Uamuzi wa Busara. Katika uchaguzi huo Julius Nyerere alichaguliwa kuwakilisha Jimbo la Mashariki, ambalo Wilaya ya Kilosa ilikuwa ndani yake. Hivyo, kwa muda mfupi, jimbo la uchaguzi la mtu wa Kilosa lilikuwa na ukubwa wa mikoa ya leo. Kila mabadiliko yaliyofuata, chini ya chama kimoja na baadaye chini ya vyama vingi kuanzia uchaguzi wa 1995, yalikuwa pia hatua ya kulikata eneo hilo vipande vidogo zaidi ili mwakilishi aweze kufikika.

3.0 Jimbo Linavyochorwa

3.1 Masharti ya Katiba

Ibara ya 75 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inaipa Tume ya Uchaguzi mamlaka ya kuigawa nchi katika majimbo, baada ya kupata kibali cha Rais. Ibara hiyo inaitaka Tume izingatie upatikanaji wa njia za mawasiliano na hali ya kijiografia ya eneo linalokusudiwa kugawanywa. Inaitaka pia ichunguze mgawanyo huo mara kwa mara, na angalau kila baada ya miaka kumi. Ibara ya 74 inazuia mahakama kuchunguza jambo lililotendwa na Tume katika kutekeleza madaraka yake.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, vigezo ambavyo Katiba imevitaja waziwazi katika sharti hilo ni mawasiliano na jiografia. Pili, Katiba haikuweka kiwango cha juu cha tofauti ya idadi ya watu kati ya jimbo na jimbo. Pengo hilo hujazwa na vigezo vya Tume yenyewe, ambavyo ni pamoja na idadi ya watu, mipaka ya kiutawala, na uwezo wa ukumbi wa Bunge. Kwa utaratibu huo, kata moja haiwekwi katika majimbo mawili, na jimbo moja haliwekwi katika halmashauri mbili.

3.2 Kizingiti cha mjini na cha vijijini

Katika mapitio yaliyotangulia uchaguzi wa 2025, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitumia viwango viwili vya idadi ya watu: 600,000 kwa jimbo la mjini na 400,000 kwa jimbo la vijijini. Majimbo mapya manane yaliongezwa, na jumla ikapanda kutoka 264 hadi 272, kati yake 222 ya Tanzania Bara na 50 ya Zanzibar.

Tofauti ya viwango hivyo ina maana inayostahili kuelezwa. Panapokuwa na jimbo la mjini lenye watu 600,000 na la vijijini lenye watu 400,000, kura ya mkazi wa kijijini ina uzito wa mara moja na nusu ya kura ya mkazi wa mjini. Sababu yake ni masafa: mbunge wa mjini anaweza kuzunguka kata zake zote kwa siku chache, ilhali wa vijijini huhitaji wiki. Kwa maneno mengine, Tume tayari inakubali kwamba umbali ni sehemu ya uwakilishi na kwamba unaweza kufidiwa kwa kupunguza idadi ya watu. Ila fidia hiyo hutolewa kwa mkupuo: halmashauri zote za vijijini huhesabiwa sawa, iwe ni tambarare yenye lami au milima isiyopitika wakati wa masika.

4.0 Hesabu ya Kilosa na Mikumi

Sensa ya 2012 iliihesabia Wilaya ya Kilosa watu 438,175. Sensa ya 2022 ilionyesha takribani 617,000, ongezeko la karibu asilimia 41 katika miaka kumi. Wilaya hiyo ina majimbo mawili. Kwa wastani, kila jimbo lina watu wapatao 308,000, ingawa wastani huo hauonyeshi tofauti ya ndani kati ya Kilosa na Mikumi.

Tanzania Bara ilikuwa na watu 59,851,347 mwaka 2022. Idadi hiyo ikigawanywa kwa majimbo 222, wastani ni takribani watu 269,600 kwa jimbo. Wastani wa majimbo ya Kilosa umeuzidi wastani wa Bara kwa asilimia 14 hivi. Gairo, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Kilosa hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2012, ina watu wapatao 258,000 katika jimbo moja, yaani chini ya wastani kwa asilimia 4 hivi. Inafaa kukumbuka kwamba Jimbo la Gairo lilikuwapo kabla ya wilaya yake. Kwa hiyo Halmashauri ya Kilosa iliwahi kuwa na wabunge watatu wa majimbo katika baraza moja.

Kwa kulinganisha, Zanzibar yenye watu 1,889,773 na majimbo 50 ina wastani wa watu 37,800 hivi kwa jimbo. Tofauti hiyo inatokana na mantiki ya Muungano wa nchi mbili, si ya masafa, na haiwezi kupimwa kwa mizani ileile. Inaonyesha tu kwamba idadi ya watu haijawahi kuwa kigezo pekee cha uwakilishi nchini Tanzania.

Kwa tafsiri ya moja kwa moja ya kiwango cha 400,000, Wilaya ya Kilosa ingehitaji watu 1,200,000 ili ipate jimbo la tatu. Iwapo kasi ya 2012 hadi 2022 ingeendelea bila kubadilika, idadi hiyo ingefikiwa karibu na mwaka 2042. Mkazi wa Kilosa anayesubiri hesabu imletee mbunge karibu atasubiri takribani kizazi kizima.

5.0 Ulinganisho na Ujerumani

Ujerumani ina majimbo 299 ya uchaguzi wa Bunge la Shirikisho. Sheria yake ya uchaguzi inataka idadi ya watu katika jimbo isiachane na wastani kwa zaidi ya asilimia 15, na inalazimisha mipaka ichorwe upya tofauti hiyo inapozidi asilimia 25. Wanaohesabiwa ni raia wa Ujerumani pekee. Tume ya majimbo huandaa taarifa na mapendekezo, lakini mipaka hupitishwa na Bunge lenyewe kwa sheria. Kinachopitishwa kwa sheria kinaweza kupelekwa mbele ya Mahakama ya Katiba.

Jimbo la mjini nchini Ujerumani ni jambo la kawaida. Mji wa München una majimbo manne, na Berlin ina majimbo 12. Katika maeneo hayo mpaka unaweza kupita kati ya mtaa na mtaa, na mbunge anaweza kuvuka jimbo lake kwa treni ya mjini chini ya saa moja. Hata hivyo, ukaribu huo haujamaliza tatizo la uwakilishi. Mpigakura wa Ujerumani ana kura mbili: ya kwanza kwa mgombea wa jimbo, ya pili kwa orodha ya chama. Baada ya marekebisho ya 2023, Bunge lina viti 630, na mshindi wa jimbo hupata kiti iwapo tu kura za pili za chama chake zinatosha kukifidia. Katika uchaguzi wa Februari 2025, washindi 23 wa majimbo hawakuingia bungeni kwa sababu hiyo. Jimbo la mji wa Augsburg lilikuwa miongoni mwao.

Ulinganisho huu unatoa mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba, kwa kigezo cha Kijerumani cha asilimia 15, wastani wa majimbo ya Kilosa ungepita, ingawa kwa nafasi finyu. Anayedai kwamba watu wa Kilosa wananyimwa sauti kwa hesabu hana ushahidi wa kutosha. La pili ni kwamba Ujerumani imeuweka uzito wa kidemokrasia kwenye uwiano wa vyama, hata kwa gharama ya mji kukosa mbunge wake wa moja kwa moja. Tanzania imefanya kinyume: kiti cha jimbo hakipotei kamwe, na anayeongoza kwa kura hukichukua chote. Uwiano wa vyama umebaki katika viti maalumu vya wanawake, ambavyo havina mipaka ya jimbo. Kwa hiyo, nchini Tanzania jimbo hubeba mzigo mkubwa zaidi. Mpigakura wa Mikumi hana kura ya pili ya kumfidia iwapo jimbo limemweka mbali na mwakilishi wake.

6.0 Jimbo Kama Linavyoishi

6.1 Barabara mbili, migongo miwili

Wilaya ya Kilosa ina eneo linalozidi kilomita za mraba 12,000. Ramani ya usafiri inaeleza majimbo yake kuliko takwimu za sensa. Kata za Dumila na Magole, zilizo katika Jimbo la Kilosa, zinatazama barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma. Mji wa Mikumi unatazama barabara kuu ya Morogoro hadi Iringa. Majimbo haya mawili yamepeana migongo, na katikati yake uko mji wa Kilosa, makao makuu ya halmashauri. Mkazi wa Ruaha au Kidodi, kusini kabisa mwa Jimbo la Mikumi, yuko karibu zaidi na Kidatu ya Wilaya ya Kilombero kuliko na ofisi za halmashauri yake. Mkazi wa milima ya Vidunda hushuka kwanza bondeni kabla ya kuanza safari yoyote.

Hata reli inafuata mgawanyo huo. Reli ya kati hupita Kilosa kuelekea Dodoma, na tawi la Kilosa hadi Kidatu hupita Mikumi kuelekea kusini. Reli ya kisasa, ambayo huduma zake za abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma zilianza mwaka 2024, ina kituo Kilosa. Mkazi wa mji wa Kilosa amesogezwa karibu na Dodoma, liliko Bunge. Mkazi wa Malolo au Kisanga hajasogezwa kwa kiasi hicho. Mabadiliko haya ya njia za mawasiliano, ambayo Katiba inataka yazingatiwe, hayaonekani popote katika kiwango kimoja cha watu 400,000.

6.2 Wanaoangukia kati ya mistari

Makundi matatu yanaonyesha ugumu wa jimbo kama chombo cha uwakilishi.

La kwanza ni wakulima na wafugaji. Kilosa ina wakulima wa asili ya Kisagara, Kikaguru na Kividunda, wazao wa vibarua waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na wafugaji Waparakuyo, Wamasai na Wabarabaig. Desemba 2000, mapigano ya Rudewa Mbuyuni yaliua zaidi ya watu 30, na mwaka 2008 damu ilimwagika tena wilayani humo. Mgogoro wa malisho na mashamba hufuata mvua na maji, si mpaka wa kata. Wafugaji wametawanyika katika majimbo yote mawili, na katika kila moja ni wachache. Katika mfumo ambamo anayeongoza kwa kura huchukua kiti chote, kundi lililotawanyika hivyo lina nafasi ndogo ya kuamua nani awe mbunge, hata pale ambapo ndilo linalohusika zaidi na swali la ardhi.

La pili ni wakulima wadogo wa miwa. Kampuni ya Sukari Kilombero ina viwanda pande zote mbili za Mto Ruaha Mkuu: upande wa Msolwa katika Wilaya ya Kilombero, na upande wa Ruembe katika Wilaya ya Kilosa. Mkulima wa Jimbo la Mikumi na mwenzake wa ng'ambo ya mto huuza miwa kwa mnunuzi mmoja na huumia kwa sababu zilezile: bei, upimaji wa utamu wa miwa, na kuchelewa kwa uvunaji. Lakini wana wabunge tofauti na halmashauri tofauti, kwa sababu mto ni mpaka wa wilaya na jimbo haliwezi kuuvuka.

La tatu ni wakazi wa bonde la Mkondoa. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalivunja kingo za mto, yakawaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi, na kuikata reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe. Maji hayo hukusanyika kwa sehemu kubwa katika nyanda za juu za Dodoma, nje ya jimbo na nje ya mkoa. Mbunge wa Kilosa anaweza kuomba kingo zijengwe upya. Hana sauti ya kikatiba juu ya miteremko inayoleta mchanga na maji.

6.3 Mbunge na mamlaka asiyokuwa nayo

Katika mambo yote hayo matatu, matarajio ya wananchi huelekezwa kwa mbunge kuliko sheria inavyomwezesha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji. Mashauri ya ardhi yana mabaraza na mahakama zake. Kufuta hati ya shamba kubwa lililotelekezwa, suala linalorudi mara kwa mara Kilosa kwa sababu ya mashamba ya zamani ya mkonge, ni mamlaka ya Rais. Mbunge huuliza maswali, huchangia bajeti, na huketi katika baraza la madiwani kama mjumbe. Anashiriki pia kusimamia Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao mgawo wake huzingatia idadi ya watu, kiwango cha umaskini na ukubwa wa eneo. Inastahili kuzingatiwa kwamba sheria hii ya fedha imekwisha kufanya kile ambacho uchoraji wa majimbo haujafanya: imeugeuza ukubwa wa eneo kuwa namba katika fomula.

Historia ya karibuni ya majimbo haya inaonyesha pia kwamba hadhi ya mbunge hubadilisha namna jimbo linavyosikika. Jimbo la Kilosa limewahi kuwakilishwa na mawaziri: Mustafa Mkulo alikuwa Waziri wa Fedha akiwa mbunge wa jimbo hilo, na Palamagamba Kabudi, aliyechaguliwa mwaka 2020, aliendelea kushika nyadhifa za uwaziri. Mbunge aliye waziri yuko karibu na meza ya uamuzi, lakini uwajibikaji wa pamoja wa Baraza la Mawaziri humzuia kuihoji Serikali hadharani. Bungeni yeye hujibu maswali badala ya kuyauliza. Jimbo la Mikumi lilichukua njia nyingine mwaka 2015 lilipomchagua Joseph Haule wa CHADEMA, msanii anayejulikana kama Profesa Jay, kabla kiti hicho hakijarudi CCM mwaka 2020 kwa Dennis Londo. Mbunge wa upinzani ana uhuru wa kuhoji, lakini hana wingi wa kura wala meza ya mawaziri. Kati ya 2015 na 2020, baraza moja la madiwani lilikuwa na wabunge wa majimbo kutoka kambi mbili, wote wakiwa wajumbe wa halmashauri ileile na wakijadili bajeti ileile ya barabara zinazoelekea pande mbili tofauti. Jimbo liligawanya sauti, ila halmashauri haikugawanya mfuko.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba majimbo ya Kilosa na Mikumi yako karibu na usawa wa hesabu, kiasi cha kukidhi kipimo cha nchi yenye masharti makali kama Ujerumani. Kwa hiyo, dai la kuongeza jimbo kwa kigezo cha idadi pekee halina nguvu kwa sasa. Lakini usawa huo wa hesabu unaficha ukosefu mwingine wa usawa. Mkazi wa mji wa Kilosa na mkazi wa mlima wa Vidunda wana kura yenye uzito unaokaribiana na njia zisizokaribiana za kumfikia anayewawakilisha.

Mapendekezo matatu yanatokana na hoja hiyo. Kwanza, Tume itangaze, pamoja na orodha ya majimbo, idadi ya watu wa kila jimbo na kiasi ambacho kila moja limeachana na wastani. Takwimu za wilaya nzima, kama zilizotumika hapa, haziwezi kuonyesha tofauti iliyopo kati ya Kilosa na Mikumi. Pili, kigezo cha kikatiba cha mawasiliano na jiografia kipewe kipimo, kwa mfano muda wa kusafiri kutoka kila kata hadi makao makuu ya halmashauri wakati wa masika, ili halmashauri za vijijini zisihesabiwe kana kwamba zote zinafanana. Tatu, sharti la jimbo kutovuka mpaka wa halmashauri liendelee kuheshimiwa, kwa kuwa linamuunganisha mbunge na baraza la madiwani, lakini liambatane na utaratibu rasmi wa wabunge wa bonde moja au wa zao moja kushauriana, kama ilivyo haja katika Mto Mkondoa na katika miwa ya Ruaha Mkuu.

Mwaka 1884, Msowero ilihesabiwa kuwa imesema ingawa watu wake hawakuulizwa. Leo wanaulizwa kila baada ya miaka mitano. Kinachobaki kwa utafiti na kwa sera ni kuhakikisha kwamba, katika miaka iliyo katikati, jibu lao lina njia ya kupita.